Mwaka wa Sabini na Tatu

Kila Januari huitwa Lumagina
na brashi zangu tatu, kopo la rangi ya dhahabu,
na ngazi ambayo marehemu baba aliifunga waya
mguu wa kushoto. Waya ungalipo.

Sikusoma hapa. Hii ni shule ya wavulana.
Ila kila jina la kiranja mkuu
kwenye ubao ule wa mvule, ukumbini,
limepitia mkono wa baba, kisha wangu:
Chunguli. Egadwa. Agoi, aliyeleta karo
nusu pesa, nusu kuku.
Luvembe, ambaye herufi yake ya mwisho
baba aliiandika akiwa na malaria
na hadi leo inatetemeka.

Shule ni kongwe kuliko ubao.
Ilianza kwa banda la nyasi chini ya majabali ya Maragoli,
mwalimu mmoja, Biblia moja,
na kipande cha reli kilichobebwa kwa miguu kutoka Kisumu
kiwe kengele.

Wageni wa kidato cha kwanza, mashati makubwa
yaliyonunuliwa yawafae hadi cha tatu,
husimamishwa mbele ya ubao wayakariri majina
kwa sauti moja, bila kukosea.
Wakifika sabini na tatu hunyamaza.
Moja, mbili, tatu, kimoyomoyo.
Kisha huendelea.
Wenyewe hudhani ni mahali pa kuvuta pumzi.
Mwalimu wa dini husema ni kimya cha Marafiki,
waliojenga banda lile na kuomba bila maneno.

Baba aliniambia mengine.
Mwaka ule maharagwe yalikuwa na wadudu
kuliko maharagwe.
Asubuhi moja sahani mia nne
zikalazwa kifudifudi kuzunguka mlingoti wa bendera,
na ya kwanza aliiweka kiranja mkuu.
Ijumaa akateremka mlima,
sanduku la bati kichwani, mvua ikilipiga.
Ikaja barua: lisiandikwe.
Lakini baba alikuwa amekwisha kulichora kwa penseli.
Hakulifuta.
Saa nne asubuhi, jua likipenya dirisha la mashariki,
aliye juu ya ngazi hulisoma.
Na juu ya ngazi huwa ni mimi tu.

Mwaka huu, niko kwenye herufi ya pili ya jina jipya,
mzee mmoja alisimama mlangoni,
koti zito, risiti ya karo mkononi.
Mjukuu wake alikuwa katikati ya kundi, akikariri.
Sabini na moja. Sabini na mbili.
Kimya.
Mzee akavua kofia.
Moja, mbili, tatu,
akairudisha kichwani kama mtu aliyekuna tu.

Watoto walipotoka akanikaribia.
"Rangi hii hukauka kwa muda gani?"
"Saa mbili. Kukiwa na jua."
Akatazama dirishani.
Jua lilikuwapo.
Nikashuka, nikaisogeza ngazi
hatua nne kushoto, waya ukilia sakafuni.
Hakuuliza naenda wapi.

Reli ikagongwa, chakula cha mchana.
Harufu ikapanda kutoka jikoni hadi ukumbini,
naye akainua pua, akainusa polepole.
"Maharagwe?"
"Maharagwe."
Akakaa kidogo.
"Siku hizi huchambuliwa?"