Swali la Kumi na Nne

Nimetumwa Muyeye na fomu mia mbili,
kalamu tatu, na kofia yenye nembo ya wafadhili.
Swali la kumi na nne: Kipato cha kaya kwa mwezi?
Mama Nyevu akacheka, akanisogezea kigoda.
"Mwezi upi, mwanangu? Huu, au ule wa wageni?"

Fomu haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Akanisimulia hoteli alikokuwa akifua mashuka:
kwanza yalipunguzwa maua mezani,
kisha wapishi wawili, kisha taa za bustani,
kisha meneja akawaambia, likizo fupi.
Likizo hiyo ina miaka mitatu sasa,
imeota meno, inatafuna mlango.

Nikaandika: hana ajira.
Akachungulia. "Na hizi nguo za watu kwenye beseni,
zinajifua zenyewe?"
Nikafuta.

Dukani kwa Ngumbao
nilionyeshwa daftari la mkopo,
jalada limelowa mafuta ya taa.
Humo ndimo nilimosoma mdororo,
tarehe kwa tarehe, kwa wino wa bluu:
sukari kilo,
sukari nusu,
sukari robo,
sukari ya shilingi kumi,
majani ya chai, basi.
Redio iliutangaza mwezi wa tisa.
Kwa Ngumbao ulianza Machi, siku ya Alhamisi,
nyumbani kwa Dama, mke wa mpishi.

Dama aliuza kiwanja mwaka ule,
kwa bei ya njaa,
kwa bwana mmoja wa kule Casuarina
ambaye jina lake halimo daftarini.
Wageni walirudi kidogo. Bei ikapona.
Kiwanja hakikurudi.
(Nilipiga mstari chini ya neno hilo, mara mbili.
Miaka minne ya chuo kikuu,
na sababu niliyoitafuta imekaa
kati ya deni la sabuni na deni la kiberiti.)

Tuliambiwa, aliye juu mngoje chini.
Watu wa Muyeye wamengoja.
Kumbe ngazi alipanda nayo.

Ofisini, Profesa Mwachiro anataka wastani.
"Jumlisha, gawanya, niletee kabla ya saa kumi."
Nikajumlisha kaya arobaini za Muyeye
na nyumba moja ya Casuarina.
Ghafla kila mtu ana nafuu:
kila kaya imepata ndoo kadhaa za bwawa la kuogelea,
mkia wa mbwa,
na kipande cha ukuta chenye vigae vya chupa.
Dama ana nafuu. Karatasi imesema.

Nilirudi kumuaga Mama Nyevu.
Alikuwa anakamua shuka, mkono huu na ule,
maji yakamchuruzika hadi viwikoni.
"Hayo maneno yetu utayasomea wapi?"
"Mkutanoni, Nairobi. Watakuja wataalamu."
"Chai watapewa?"
"Watapewa."
Akaitundika shuka, akaivuta ncha inyooke,
sauti ikatoka nyuma ya kitambaa:
"Ina sukari?"