Namba 117: Amepotea

Kwenye jedwali langu kuna safu ya waliopona,
safu ya waliokufa, na ya tatu, nyembamba,
ninayoijaza kwa kalamu ya risasi:
amepotea.
Yaani hakurudi kliniki miezi sita.
Yaani tumempigia, simu imezimwa.
Profesa anasema kumi kwa mia si mbaya,
hakuna gunia la makala lisilo na chenga.

Jumamosi nilipanda teksi hadi Katuba
kumtafuta namba 117.
Kiangazi kilikuwa kimekalia mabati,
vumbi jekundu hadi kwenye kope za watoto,
na kule nyuma bomba la moshi lisilo na moshi
limesimama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Kapungwe? Yule wa kikohozi?"
Muuza makala hakuinua hata kichwa.
"Fuata kikohozi."

Nikakifuata.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
viganja magotini, mabega juu,
mkao wa watu walioshindwa na kitanda.
Nikajitaja. Akacheka hadi hewa ikamwishia:
"Mujinga! Wamenitumia Mujinga!"
Nikamweleza kwamba kwetu Kasai ni jina la mtoto
aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo.
Akanyamaza.
"Basi habari za pumzi unazijua."

Nikaweka chombo mgongoni.
Chini ya mbavu za kulia, mtu alikuwa anatembea
taratibu juu ya majani makavu, kwa mbali,
miaka ishirini na saba ya mashimo ya Kipushi
bado inatafuta njia ya kutoka.
Nilijua jina lake kwa Kifaransa na asilimia yake kwenye fomu.
Sikujua niseme nini. Nikasema: vuta tena, papa.

Dosie yake anaitunza kwenye mfuko wa nailoni:
kadi ya kazi, kijana mwenye shingo nene;
barua tatu zenye mhuri;
na ya nne, inayomtaka mwombaji athibitishe
kwamba vumbi lililomo mapafuni ni la kampuni
na si la mji.

"Kiinua mgongo, walikiita.
Utazame mgongo huu, uniambie nani aliuinua.
Walinipumzisha, mama. Pumzi hawakunipa.
Mfuko wa jamii mtupu, kila nikienda, mtupu,
na hii miwili ya kifuani
imejaa pomoni."

Mke wake, Mama Ngalula, alikuwa anapepeta unga,
hakutaka kuingilia, akaingilia:
"Elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi.
Na mkifika mnaambiwa daktari yuko kwenye semina."
Semina ile naikumbuka. Ilihusu bima kwa wote.
Tulikula kuku.

"Na simu?" nikauliza.
"Simu imelipa ile picha ya kifua mliyoitaka."

Kisha mzee akanyoosha mkono achukue karatasi yangu,
nami, kwa adabu tu, nikampa.
Nilikuwa nimesahau kwamba alisoma shule ya kampuni.
Alipita juu ya mistari kwa ukucha,
akasimama kwenye namba yake,
akasoma neno lile kwa silabi, kama dawa asiyoijua.
"A-me-po-te-a."
Akanirudishia.
"Niko hapa tangu mwaka wa tisini na moja," akasema.
"Mlango ni ule ule."

Usiku nimefuta. Risasi imetoka,
alama imebaki imezama kwenye karatasi.
Programu inakubali moja, mbili au tatu;
nafasi tupu inaipigia kelele nyekundu.

Waliopotea wako kumi na tisa.
Elfu nne mara kumi na tisa
ni sabini na sita elfu, franka za kwetu.
Wino wa kuchapia tasnifu hii unazidi hapo.
Nimepiga hesabu mara mbili, nikidhani nimekosea.