Kwa Penseli

Aleqa ana tufe la shule lenye ufa,
ana uzi aliouchomoa kwenye soksi yangu.
Anaubana Qaanaaq kwa kidole gumba,
anauvuta hadi Upernavik.
"Babu, ni kilomita ngapi?"

Mia sita na arobaini na kitu, mjukuu wangu.
Ndege ya rafadha mbili, upepo ukikaa kimya,
saa moja na dakika ishirini.
Anaandika, ulimi nje, kama mama yake.

Ningeishia hapo.
Lakini uzi hauna ukungu.

Baba yangu hakujua kilomita. Alihesabu malalo:
ukifungua mbwa, ukilala, hilo lalo moja.
Alipokwenda kusini kuposa alilala mara kumi na tisa,
tatu kati ya hizo bila kula,
barafu ya Ghuba ya Melville ikinung'unika
chini ya ngozi ya dubu aliyoitandika.
Alirudi na mke na jino bovu.
Walipomuuliza kama ni mbali, alisema:
Inategemea mbwa.

Mimi ndiye nisafishaye kiwanja. Miaka ishirini na sita
nasukuma theluji pembeni, nasawazisha changarawe,
napima mizigo ya watu: nyama, viti, kinanda kimoja,
jeneza la Jeremias, kilo mia moja na nne,
naye enzi za uhai wake hakufika themanini.

Dada yangu Tukummeq alipoanguka jikoni kwake
nilijipima mwenyewe, nikajiandikia karatasi.
Siku nane nilisafisha njia, na hakuna kilichotua.
Ya tisa, Alhamisi iliyopita, tukaruka.

Ile ghuba ya malalo kumi na tisa
niliimaliza kwa vikombe viwili vya kahawa
na biskuti.
Niliona haya kutazama chini.

Upernavik waliukata mlima kichwa
wakatandaza kiwanja penye shingo.
Siku ile mlima umejifunika gubigubi.
Rubani akazunguka. Akazunguka tena.
Mara ya tatu nikaona paa moja jekundu, chap,
kisha maziwa matupu dirishani.
Tunarudi, akasema,
kwa sauti ya mtu aliyechelewa mazishi.

Haya, Aleqa, wewe wa hesabu, piga na hii:
kilomita elfu moja mia mbili na tisini,
ongeza za kuzunguka,
saa tatu angani,
nikashuka juu ya nyayo zangu mwenyewe za asubuhi.

Usiku simu ikalia.
"Nilikusikia," akasema Tukummeq. "Nilizima redio.
Nikamwambia muuguzi afungue dirisha, akagoma, nikamtukana.
Ulipita mara tatu. Ile ya mwisho
kikombe kilitetemeka kwenye sahani."

Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza,
tukasikilizana pumzi, kila dakika ikilipiwa.
Tangu aolewe hatukuwahi kukaribiana hivyo.

"Kwa hiyo niandike ngapi?"

Andika anayoitaka mwalimu.
Ila andika kwa penseli.
Na uzi wangu nirudishie, soksi inafumuka,
na kesho, wamesema, huenda kukawa kweupe.