Ua Halikukutana na Ua

Bi Mize kaileta kompyuta imefungwa kwenye kanga,
kaiweka mezani kwangu, Limbani, Wete,
baina ya feni lililokufa na redio isiyo na mwenyewe.
"Picha inachanika," kasema.
Mshona nguo huyu. Neno hilo halitumii ovyo.

Nikawasha. Linux, kawekewa na mpwawe
mwaka ule Windows ilipojaa virusi ikagoma.
Nikafungua video: arusi ya binti yake Raifa,
marehemu Shaame anapita na sinia ya haluwa,
na kila akigeuka
kichwa na mabega vinatangulia, kiwiliwili kinabaki,
mstari umemkata kifuani
kama vipande viwili vya gora moja vilivyoungwa kwa haraka,
ua halikukutana na ua.

Nikamwambia faili ni zima. Hakuamini.
Nikalihamishia kwenye simu yangu:
Shaame kamili, ila mdogo kama stempu.
Bi Mize akavuta stuli.

Nikaanza na rahisi. Nikabadilisha programu ya video.
Ikachanika.
Nikazima vivuli na mapambo ya madirisha.
Ikachanika zaidi.
Nikasasisha draiva, bando likakata imebaki asilimia sita,
nikamtuma mtoto kwa Khatib, vocha ya elfu,
na umeme nao, bila hata kuomba radhi,
ukazimika.

Gizani akaniuliza: "Kwani ugonjwa wenyewe nini?"
Nikamwambia: kioo kinachora kutoka juu kwenda chini
mara sitini kwa sekunde.
Kadi ya picha ina pupa,
inasukuma picha mpya, ya zamani haijafika chini.
Juu Shaame wa sasa, chini Shaame wa punde.
Akacheka. "Mwanafunzi wangu huyo!
Anavuta kitambaa, sindano haijatoka.
Mfunze mkono uungoje mguu."

Saa kumi na robo umeme ukarudi.
Nikafungua faili la mipangilio,
nikaandika mstari mmoja wa kuiambia kadi: ngoja.
Nikasahau alama moja ya kufungia.
Kioo cheusi, kimya.
Bi Mize hakusema kitu. Yeye naye
alishawahi kumshonea mtu koti, mkono mmoja mfupi.

Nikarudia, kwa herufi nyeupe juu ya weusi,
pole pole, kama anayetunga uzi.

Shaame akageuka, na kifua chake chote.
Sinia ikapita mbele ya wageni,
na pale pale ulipokuwa mpasuko
mkono wake ukachomoa kipande cha haluwa
ukakitia mfukoni mwa kanzu.

"Ee! Mwizi!" Bi Mize akasimama.
"Na sukari ile! Na daktari kamkataza!
Mimi nafua kanzu, nasema mafuta haya ya wapi!"
Akacheka mpaka akashika meza.
Kisha akakaa.
"Rudisha nyuma."
Nikarudisha.
"Tena."

Bei ilikuwa elfu kumi. Kanitolea saba,
kafunga kompyuta yake kwenye kanga,
na mlangoni akageuka kunitazama shingoni:
kola yako imechanika, fundi,
niletee kesho.