Herufi Mbili Mdomoni mwa Bomba

Usiliguse kwanza. Bomba likiwa moto
haling'ai, linababua.
Liache lipoe kama uji wa mtoto,
nawe kaa juu ya debe, tafuna muhogo wako,
msikilize mwenye gari akijitetea.

Juzi kaja Mwalimu Jefwa na Pijo yake ya kijivu,
ile inayosikika Muyeye nzima kabla haijaonekana.
"Ing'arishe, Mramba. Kesho naiuza.
Mnunuzi anatoka Gongoni, mtu wa chumvi,
ataangalia kromu kabla ya injini."
Sikumuuliza sababu. Nilimtazama viatu.

Huku kwetu chuma hakizeeki, huliwa.
Usiku upepo hupita Shella na Barani
ukilamba bampa za watu,
asubuhi unakuta madoa mekundu
kama mate ya mla tambuu.
Miaka kumi na minne nafuta,
na kila alfajiri upepo unanidai upya.

Basi nikaanza.
Mafuta ya taa kwenye tambara, kulainisha masizi,
kisha subira: masizi ni mgeni mzito,
hatoki kwa kusukumwa.
Halafu karatasi ya fedha, ile ya kufungia kuku,
nailowesha siki, naikunja, nasugua,
duara, duara, duara,
kutu inageuka rojo la hudhurungi
linanitiririka mpaka kiwiko.

Mikanda ya milangoni ni alumini. Hiyo ni bibi harusi:
haitaki siki, haitaki sufi ya chuma,
inataka sabuni laini na fulana kuukuu.
Nyiro, kijana wangu wa kazi, aliwahi kuipaka majivu
kwenye gari la daktari mmoja.
Ikatoka na michirizi kama mgongo wa punda.
Nililipa mimi.

Nje, bomba likakubali.
Ndani ndiko kwenye mambo.
Nikaingiza vidole viwili na mswaki uliokatwa mpini,
nikatoa weusi wa miaka:
safari za hospitali ya Kilifi usiku,
karatasi za mitihani kupelekwa Ganda,
magunia ya mahindi, harusi ya binti mkubwa,
yote yamekuwa unga mmoja,
mlaini kama wanja.
Hapo ukucha ukakwama.

Nikamwaga maji. Nikachungulia kwa tochi ya simu.
Karibu na mdomo, herufi mbili
zilizokwaruzwa kwa msumari,
ya kwanza imegeuka, inatazama nyuma
kama mtoto anayeitwa na mama yake.
S. J.

"Sidi," akasema Mwalimu, nisijue amesimama nyuma yangu.
"Alikuwa na miaka sita. Nilimchapa.
Nilimchapa, Mramba, kwa bomba la moshi."
Kisha akaketi juu ya debe langu bila kukaribishwa.

Sidi yuko Doha, anapiga deki sakafu za watu.
Mkataba umekatika, tajiri kazima simu,
na hela za Pijo ni tikiti ya kumrudisha.
Hayo aliyasema akiitazama ndoo.

Nina dawa, nyeupe, ya kopo dogo.
Dakika mbili tu, herufi zingekwenda
na mtu wa chumvi asingepata pa kushikia bei.
"Nifute?"
Mwalimu, aliyezoea kudai majibu kwa rula,
hakuwa na jibu.

Nikasugua kushoto kwake. Nikasugua kulia.
Nikazizunguka kwa ncha ya kitambaa
kama mtu anayefagia huku mtoto amelala mkekani.
Zikabaki nyeusi katikati ya fedha,
zinasomeka kuliko siku zilipoandikwa.

Kesho yake mtu wa chumvi akainama,
akajiona uso wake kichwa chini,
akacheka, akaweka kidole mdomoni mwa bomba.
Kikasimama.
"Na hii? Ni chapa ya kiwanda?"

Mwalimu Jefwa, miaka thelathini na moja ya chaki,
hajawahi kumpa mtu tiki asiyostahili.
"Ndiyo," akasema. "Ya kiwanda.
Siku hizi hawatengenezi tena."