Zebaki ya Hillat Sidra

Muhannad kaileta ndani ya chupa ya Vimto,
miaka tisa, viatu mkononi,
akaiweka juu ya meza yangu pale zahanati:
"Daktari, tazama, fedha inayokimbia."

Mimi si daktari. Mimi hutoa damu,
hubandika namba, hupeleka Sohar kila Jumatatu.
Lakini niliijua.
Ilijikusanya chini ya chupa kama jicho
lisilo na kope.

Wameichezea wiki nzima, yeye na nduguze.
Wameimwaga kwenye sinia la halua,
wameipuliza, ikatawanyika, ikarudiana.
Wameipaka sarafu ya baiza hamsini ikang'aa kama mpya.
Mdogo wao, Joud, analala nayo chini ya mto.

"Mmeitoa wapi?"
Nauliza, na najua.

Kiwanda kilifungwa mwaka niliomaliza skuli.
Klorini ya mabwawa ya kuogelea,
ya mahoteli,
maji ya buluu tuliyoyaona kwenye kalenda.
Mabomba yalichukuliwa, mabati yakachukuliwa,
hata milango. Ikabaki sakafu,
na nyufa za sakafu, na kilichomo nyufani.
Ukutani pana ilani: Kiarabu, Kiingereza.
Rafiqul, mnunuzi wa chuma chakavu, husoma Kibangla tu.
Mbuzi hawasomi kitu.
Na wadi ukishuka haubishi hodi:
unaingia, unaoga, unatoka na kila ulichokikuta,
unakwenda kukilaza kwenye majani ya ng'ombe.

Jioni nikamfuata Mzee Thuwaini,
fundi wa kule, miaka kumi na tisa.
Akanimiminia kahawa.
Finjani ikagongana na mdomo wa dele, ngringringri,
kahawa ikaenda mkekani, ikaenda kwenye kanzu,
tone likanifikia mimi.
"Uzee huu," akasema.
Ana miaka hamsini na sita.

Nikamfunga mpira, nikatafuta mshipa,
mkono wake ukipunga kama unaaga.
"Tulikuwa tukiifagia kwa fagio la makuti," akasema.
"Ikikimbia, tunacheka.
Na mcheshi wetu alikuwa baba yako."

Baba.
Sikwenda kuuliza hilo.

Baba akirudi saa tisa, ovaroli begani,
Mama akiiloweka beseni moja na sare yangu ya skuli,
na Bibi, aliyehama Wete na methali zake zote,
yuko kizingitini anachambua mchele,
anawasema majirani, anawasema wakwe:
kikulacho ki nguoni mwako.
Akidhani anapiga methali.
Kumbe alikuwa anasoma cheti cha maabara.

Damu ya Muhannad imejibu. Ya Joud imejibu.
Namba mbili, wino mwekundu.
Barua ya idara inasema eneo linafuatiliwa.
Linafuatiliwa!
Kitu kisicho na miguu,
kinafuatiliwa na watu wenye magari,
na mwaka wa ishirini na mbili huu hawajakifikia.

Nimepita nyumba kwa nyumba:
msifagie, fungueni madirisha, watoto nje,
mto ule usirudi ndani.
Mama yake Joud kaushika kwa ncha za vidole,
kama mtu aliyeshika mnyama aliyekufa.
"Haya, nikautupe wapi?"
Nikatazama bonde, nikatazama kisima,
nikatazama barabara ya kwenda mjini.
Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Chupa ya Vimto imo kabatini mwangu,
plasta tatu juu ya kifuniko.
Nimeiandika kwa lugha nne;
ile ya nne ameichora Rafiqul, polepole, ulimi nje.

Usiku nikabaki peke yangu zahanati,
nikajitoa damu mwenyewe, mkono wa kushoto,
wa kulia umeshika sindano.
Nikautazama kama unatikisika.
Ulikuwa umetulia.

Nikautazama tena.