Mkaguzi wa Mizani, Kutaisi

Kazi yangu ni kuzichunguza mizani za watu.
Nina sanduku la mbao, ndani mawe ya shaba kumi na moja
yamelala kwenye mahameli, wakubwa kwa wadogo;
dogo kabisa halizidi ukucha,
nalishika kwa koleo nikibana pumzi.
Sokoni wananiona kwa mbali. "Mzevinari huyo!"
na vidole vinatoweka haraka kwenye sahani.

Leo ni Alhamisi. Nimeamka saa kumi na moja kasoro robo,
nimemfulia mama shuka, ya tatu wiki hii,
nimemtafutia Shio kiatu cha kushoto,
nimepokea simu ya mkuu wa idara mswaki ukiwa mdomoni,
nikasema ndiyo kwa jambo nisilolisikia.
Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka.
Ningeshukuru kushika mbili tu.

Mvua ya Machi haijapumzika tangu Jumapili.
Mto Rioni umevimba, unaburuta mawe yake
kama jirani anayehamisha samani usiku.

Kwa Jumberi, muuza maharage, nilikuta mizani tulivu mno.
Mshale umesimama katikati kama askari wa gwaride.
"Tazama," akasema, "haitikisiki! Miaka sita
hakuna mteja aliyelalamika."
Nikaweka jiwe la gramu mia. Kimya.
La mia mbili. Kimya.
Nikaifungua kwa bisibisi: kutu, maganda ya maharage,
na buibui mkavu, aliyefia kazini.
Haikuwa imetulia. Ilikuwa imeganda.
Jumberi akavua kofia kana kwamba nimemletea msiba.

Nilisimama pale kupita ilivyohitajika.
Maana mwaka mzima nimekuwa nikiomba hichohicho:
siku moja ilale sawa, mama huku, kazi kule,
Shio katikati na daftari lake la hesabu,
nami nisiguswe na upepo.
Kumbe nilikuwa naomba kutu.

Kwa Lamara wa jibini mizani ni kongwe, ya sahani mbili.
Niliweka kilo yangu huku, yeye akaweka yake kule,
mshale ukaenda kushoto, ukajuta, ukaenda kulia,
ukarudi kwa nusu ya majuto yale. Ukatetemeka.
Kitabu cha kazi kinasema: Subiri mshale utulie.
Hakisemi, katika kusubiri, mtu afanye nini.
Miaka kumi na tisa nimeujaza muda huo kwa simu.
Leo mikono ilikuwa imelowa maji ya jibini.
Basi nikaona tundu la paa likidondosha mvua
tone kwa tone ndani ya ndoo ya matango ya siki;
na kijana wa jozi, zile zinazotungwa uzini
na kuchovywa kwenye uji wa zabibu,
akiimba wimbo asioujua ubeti wa pili;
na Lamara akijifuta chumvi kwenye nyusi.
Sekunde kumi na mbili. Labda kumi na tatu.
Sikumbuki mara ya mwisho kumiliki kitu kirefu hivyo.

Akanikatia kipande cha jibini. Sheria: mkaguzi hali cha mkaguliwa.
Sikula. Nilikinusa tu, na harufu haina kifungu.

Usiku mama aliuliza kama mvua imekatika.
Nilimjibu mara nne. Ya tano nikafungua dirisha,
akasikiliza mwenyewe.
Shio alikuwa ameiba lile jiwe dogo kabisa,
amelilaza kiganjani: "Mbona halina uzito?"
"Ngoja," nikamwambia. "Utausikia."
Tukangoja wote watatu, na supu nayo ikaanza kushika sufuria.
Simu ikalia. Mkuu wa idara.
Niliiacha iite mara tatu.
Ya nne nikapokea, kiganja cha mwanangu kikiwa bado wazi,
nikaambiwa nilichokikubali asubuhi:
Zestaponi, Jumamosi, mizani arobaini.